Kidonge cha Kukojoa: Kinasafisha Figo au Kinaziua?

Mkoani Simiyu ni wachache wanaolijua jina furosemidi, lakini ukitaja Lasix, au ukisema tu kidonge cha kukojoa, kila mmoja ana la kuchangia. Wapo wanaokiita dawa ya kusafisha figo: miguu ikivimba, mtu anapita duka la dawa, ananunua vidonge vichache bila cheti, anakojoa siku nzima, na kesho yake viatu vinamwingia. Wapo wanaokikwepa kama sumu, kwa maelezo kwamba kila waliyemwona akipelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu alianzia kwenye kidonge hicho hicho. Katikati yao wamesimama wahudumu wa afya wengi wenye jibu la mkato: dawa hii inatuliza dalili, haitibu kitu. Misimamo hii mitatu haiwezi kuwa kweli kwa pamoja, na bado kila mmoja una ushahidi wa macho nyuma yake.

Ushahidi unapatikana kila upande kwa sababu pande zote zinaihukumu dawa kwa mkojo: wingi wake, rangi yake, na siku ulipokatika. Furosemidi haiushughulikii mkojo. Inashughulikia chumvi, tena kwenye kipande kimoja kifupi cha mrija wa figo, na mkojo ni matokeo tu. Anayeanza kuhesabu chumvi badala ya maji ataona kwamba dawa hii haisafishi figo wala haiziui kwa asili yake, na kwamba hakuna awezaye kuiita nzuri au mbaya kwa mgonjwa fulani kabla ya kujua kilichomvimbisha. Hapo ndipo suala linapokuwa zito kwa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega, kwa sababu sababu za kuvimba katika wilaya hizo ni nyingi, na baadhi yake hazitaki dawa hii kabisa.

Chumvi ya siku 300

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kila kichujio kina mrija wake mrefu uliojikunja. Kwa siku moja figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za maji ya damu, ilhali mkojo unaotoka ni lita moja au mbili. Ndani ya lita hizo 180 mna chumvi ya karibu kilo moja na nusu. Mtu anayefuata ushauri wa Shirika la Afya Duniani, wa kutozidisha gramu 5 za chumvi kwa siku, angehitaji siku 300 kuila yote. Kwa hiyo kazi inayokula nguvu nyingi za figo ni kurudisha: kuokoa karibu yote iliyochujwa ili mwili usikauke kabla ya jua kuzama. Karibu theluthi mbili hurudishwa kwenye kipande cha kwanza cha mrija. Kisha mrija unashuka ndani kabisa ya figo, unakata kona na kupanda tena. Kona hiyo na miguu yake miwili ndiyo kitanzi cha Henle, kilichoelezwa mwaka 1862 na mwanaanatomia Mjerumani Jakob Henle. Mguu unaopanda, ule mnene, hurudisha takriban robo ya chumvi yote iliyochujwa. Vipande vinavyofuata vinashughulikia masalia, na huko ndiko mwili unakofanyia marekebisho yake ya mwisho.

Mguu huo unaopanda una tabia moja ya ajabu: unatoa chumvi lakini kuta zake hazipitishi maji. Chumvi inayotoka inarundikana katika nyama ya ndani ya figo, mpaka mkusanyiko wa chumvi na urea huko unaweza kufikia mara nne ya ule wa damu. Ukali huo ndio unaoyavuta maji kutoka kwenye mirija ya mwisho pale mwili unapoyahitaji. Mkulima anayepalilia pamba Meatu juani tangu alfajiri anakojoa kidogo, tena mkojo wa njano iliyokolea, kwa sababu vitanzi vyake milioni mbili vimelundika chumvi ya kutosha kuvuta kila tone. Kinachobeba chumvi hiyo ni kibebaji kilichopachikwa kwenye ukuta wa mrija, ambacho wataalamu hukiita NKCC2: kwa mkupuo mmoja kinachukua sodiamu moja, potasiamu moja na kloridi mbili. Sehemu ya potasiamu huvuja na kurudi ndani ya mrija, na chaji ya umeme inayoachwa na mzunguko huo huyasukuma madini ya kalsiamu na magnesiamu yarudi mwilini. Mengi yanayosemwa mitaani kuhusu Lasix, mema na mabaya, yanaanzia kwenye kibebaji hicho.

Kibebaji kikifungwa

Furosemidi, iliyotengenezwa na kampuni ya Kijerumani ya Hoechst na kuingia hospitalini miaka ya 1960, hukaa kwenye nafasi ya kloridi ya kibebaji na kukizuia. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba hukifikia kwa ndani, upande wa mkojo, wala si kwa upande wa damu. Ndani ya damu karibu dawa yote imeng'ang'ania protini ya albumini, kwa hiyo haipiti kwenye kichujio. Seli za kipande cha kwanza cha mrija ndizo zinazoikamata kutoka kwenye damu na kuimwaga ndani, kisha inateremka na mkojo mpaka kwenye kitanzi. Mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofika ana mirija michache inayofanya kazi, na taka zilizojaa kwenye damu yake zinagombania mlango huo huo na dawa. Ndiyo maana daktari humpa dozi kubwa zaidi, mara kadhaa ya ile ya mtu mwenye figo nzima. Ndugu wanaoona vidonge vinaongezeka huku mgonjwa akidhoofika hukata shauri kwamba vidonge ndivyo vinavyommaliza, kumbe dozi imepandishwa kwa sababu figo zilikwisha kushuka.

Dawa hii pia ina kizingiti na ina dari. Chini ya kiwango fulani ndani ya mrija haifanyi lolote, na ikishavifunga vibebaji vyote, nyongeza haileti mkojo zaidi. Milango yote ya zizi ikishafungwa, kuongeza makufuli hakuzuii ng'ombe mwingine. Kutokana na kizingiti hicho, vidonge viwili vya miligramu 40 vikimezwa pamoja vinaweza kutoa maji ambayo kimoja asubuhi na kimoja jioni visingeyatoa. Mgonjwa anayeigawa dozi yake nusu kwa nusu ili isimchoshe anaweza kuwa anameza dawa kila siku bila faida yoyote. Nusu dozi ikishindwa kuvuka kizingiti, haibaki nusu ya kazi. Kazi yote hupotea.

Kibebaji kikifungwa, ile robo ya chumvi inakosa njia ya kurudi na inateremka na maji yake. Ule ukali wa chumvi ndani ya figo unayeyuka, kwa hiyo hata mirija ya mwisho inakosa nguvu ya kuvuta maji, na mkojo unatoka mwingi na mweupe. Kidonge huanza kazi ndani ya saa moja na kuimaliza kwa saa sita hivi. Sindano ya mshipani huanza ndani ya dakika tano na kumaliza kwa takriban saa mbili. Chumvi nyingi ikifika mwisho wa mrija, figo hujaribu kuiokoa kwa kubadilishana, yaani inarudisha sodiamu na kutoa potasiamu na asidi. Magnesiamu na kalsiamu nazo, zikiwa zimepoteza ule msukumo wa umeme, zinaondoka na mkojo.

Hoja ya wanaosema inasafisha

Upande huu una nguvu kuliko wakosoaji wake wanavyokubali. Mgonjwa wa moyo aliyejaa maji kwenye mapafu, anayelala ameketi kwa sababu akijilaza anakabwa, anaweza kupumua vizuri usiku ule ule aliochomwa sindano. Potasiamu iliyozidi kwenye damu, ambayo ni hatari kwa mapigo ya moyo, inaweza kupunguzwa kwa dawa hii ikiwa figo bado zinatoa mkojo. Kwa anayeangalia kutoka nje, kitu kibaya kimetoka mwilini na mtu amepona, na hata neno "kusafisha" halionekani kuwa la mzaha.

Udhaifu wake uko kwenye maana ya uchafu. Kreatinini na urea, taka ambazo maabara hupima ili kujua hali ya figo, huondolewa hasa kwa kuchujwa, na kichujio kiko mwanzo kabisa wa mrija, mbali na kitanzi. Furosemidi haikiongezei kichujio kazi. Mtu anaweza kukojoa lita tatu za maji na chumvi huku kreatinini yake ikizidi kupanda. Jambo hili limepimwa kwa wagonjwa ambao figo zao zimefeli ghafla: uchambuzi wa majaribio uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2006 haukuona kwamba furosemidi inapunguza vifo wala mahitaji ya kusafishwa damu kwa mashine. Madaktari siku hizi huitumia kwa wagonjwa hao kwa sababu mbili: kuondoa maji yaliyozidi, na wakati mwingine kuipima figo yenyewe. Katika kipimo hicho mgonjwa anapewa dozi inayokadiriwa kwa uzito wake, na mkojo wa saa mbili unapimwa. Ukiwa chini ya mililita 200, mirija imeumia kiasi kwamba hatari ya kuendelea kufeli ni kubwa. Katika kipimo hicho mkojo unatoa habari za figo, bila kuiponya. Anayekunywa Lasix nyumbani na kuona mkojo mwingi amepata habari hiyo hiyo, kwamba mirija yake bado hai, lakini akaitafsiri kuwa tiba.

Hoja ya wanaosema inaua

Ni kweli kwamba karibu kila anayefikia mashine ya kusafisha damu amewahi kumeza furosemidi. Mtu mwenye figo zinazofeli huvimba, na mtu aliyevimba hupewa dawa hii. Kwa hiyo wangekutwa nayo hata kama ingekuwa haina athari yoyote kwa figo. Kuhesabu waliofika Bugando na Lasix mkononi hakuwezi kututoa kwenye mtego huo. Kinachoweza kututoa ni jaribio ambamo wagonjwa wanaofanana wanagawanywa kwa bahati nasibu, na lipo. Jaribio la DOSE, lililochapishwa mwaka 2011, liliwachukua wagonjwa 308 wa moyo uliozidiwa, nusu wakapewa dozi ndogo na nusu dozi kubwa ya sindano. Siku za mwanzo kreatinini ilipanda kwa asilimia 23 ya waliopewa dozi kubwa, dhidi ya asilimia 14 ya wale wa dozi ndogo. Hapo mkosoaji angeweza kushangilia. Lakini ilipofika siku ya 60 tofauti hiyo ya figo haikuwapo tena, na wa dozi kubwa walikuwa wametoa maji mengi zaidi. Kreatinini iliyopanda kwa sababu damu imepungua maji hushuka mwili unapotulia, na haimaanishi kwamba nyama ya figo imekufa.

Hata hivyo, ni kosa kumfukuza mkosoaji huyu mlangoni, kwani madhara anayoyaogopa yapo. Amekosea tu njia yanayopitia. Mtu mwenye kuhara au kutapika akiendelea kumeza kidonge hiki anakauka kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na figo iliyokosa damu ya kutosha inaweza kuumia kwelikweli. Hatari inaongezeka sana akichanganya na dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, ambazo ni kimbilio la kila mwenye mgongo baada ya palizi, na zaidi kama anatumia pia dawa za presha za jamii ya kaptopril, enalapril au losartan. Kila moja ya dawa hizo hupunguza msukumo wa damu kwenye kichujio kwa namna yake, na zote tatu zikikutana kwa mtu aliyekauka, figo zinaweza kusimama. Zaidi ya hayo, diklofenaki huidhoofisha furosemidi yenyewe, kwa hiyo mgonjwa anaona uvimbe haupungui, anaongeza vidonge, na mchanganyiko unazidi kuwa mkali.

Madhara mengine hayahusu figo. Potasiamu ikishuka, misuli inalegea na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, hasa kwa anayetumia dawa ya moyo ya digoksini. Masikio nayo yana kibebaji ndugu wa kile cha kitanzi, ndiyo maana dozi kubwa ya sindano inayosukumwa haraka inaweza kuharibu usikivu, na zaidi ikichanganywa na gentamisini, dawa ya sindano iliyozoeleka hospitalini. Mkosoaji anayesema "inaua figo" huliacha kabisa sikio, ambalo kesi yake ina ushahidi mzito zaidi.

Hoja ya wanaosema inatuliza tu

Msimamo wa tatu unaonekana wa busara, na katika mambo mengi ndivyo ulivyo. Furosemidi hairekebishi valvu ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, haiui minyoo ya kichocho, haishushi presha iliyotanua moyo kwa miaka 20. Hakuna jaribio kubwa lililothibitisha kwamba inarefusha maisha ya wagonjwa wa moyo. Yapo majaribio madogo madogo yanayoashiria hivyo, na hakuna atakayefanya kubwa leo, kwa sababu hakuna mtafiti mwenye roho ya kumnyima dawa mtu anayezama kwenye maji yake mwenyewe ili tu apate jibu.

Neno "tu" ndilo lenye kasoro. Kabla ya dawa za aina hii madaktari wa Ulaya walichoma sindano za zebaki, baada ya mwanafunzi wa udaktari huko Vienna, Alfred Vogl, kugundua mwaka 1919 kwamba dawa ya kaswende yenye zebaki inamfanya mgonjwa akojoe kupita kiasi. Kabla ya hapo walitoboa miguu iliyovimba na kuingiza mirija maji yachuruzike. Waliofanyiwa hayo walikuwa wakikata roho, na maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakiwaua. Kwa mgonjwa wa valvu ya moyo kutoka Itilima, ambaye upasuaji wake unapatikana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na ambaye huenda asiufikie mwaka huu wala ujao, kutuliza ndiyo tiba aliyo nayo. Utafiti wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi uliofanyika hospitali ya Muhimbili, ukaongozwa na Abel Makubi na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 55, na chanzo cha asilimia 45 ni presha. Hao ni watu wa umri wa kulima na kusomesha. Kuwaambia kwamba dawa yao haitibu kitu ni kuwapa sababu ya kuiacha.

Kuvimba kwa Simiyu

Suala zima linaamuliwa hapa, na kwa masikitiko hapa ndipo majadiliano ya mitaani yasipofika. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko wa mtu aliyevimba, subiri kidogo, kisha achia: shimo likibaki, kuna maji chini ya ngozi. Shimo hilo halisemi maji yametoka wapi. Moyo unaposhindwa, figo hudhani mwili umeishiwa damu na kung'ang'ania chumvi. Furosemidi inaipinga figo mahali hasa inapokosea, na ndiyo sababu moyo ni nyumbani kwa dawa hii. Figo zinapovujisha protini, mtu akaamka na uso na macho yaliyovimba, dawa inahitajika pia, pamoja na tiba ya ugonjwa wenyewe.

Mtoto aliyevimba miguu na uso kwa utapiamlo mkali ni jambo lingine kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakataza waziwazi kumpa dawa ya kukojoa kwa ajili ya uvimbe huo. Mtoto huyo tayari ana upungufu mkubwa wa potasiamu na magnesiamu, na kidonge kinachoyafukuza madini hayo hayo kinaweza kummaliza wakati uvimbe ungepungua wenyewe kwa lishe maalumu. Mjamzito aliyevimba na presha ikapanda, dalili za kukaribia kifafa cha mimba, naye ana maji mengi nje ya mishipa lakini machache ndani yake. Kumkojoza kunapunguza damu inayokwenda kwa mtoto. Anahitaji dawa za kushusha presha zinazofaa ujauzito, magnesiamu salfeti na uamuzi wa kujifungua, na furosemidi iwekwe kando mpaka pale mapafu yanapojaa maji.

Kisha kuna kichocho, ambacho kanda hii inakijua kuliko sehemu nyingi za nchi. Ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Busega, kimetawala kichocho cha tumbo, ambacho kikikaa miaka mingi hukaza mishipa ya ini na kujaza tumbo maji. Maji ya namna hiyo hayatoki vizuri kwa furosemidi peke yake. Spironolaktoni ndiyo dawa ya mbele, kwa sababu inafanya kazi mwisho wa mrija ambako homoni ya aldosteroni inashikilia chumvi, na furosemidi inafuata kama msaidizi. Kwenye malambo na madimbwi ya Maswa na Meatu, kichocho cha mkojo huacha makovu kwenye kibofu na kwenye mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mrija ukiziba, mkojo unarudi nyuma na kuifinya figo taratibu. Mgonjwa wa namna hii akianza kukojoa kidogo na kuamua "kusafisha figo" kwa Lasix, anaongeza maji nyuma ya kizuizi. Anachohitaji ni picha ya altrasaundi, prazikwanteli ya kuua kichocho, na mtu wa kuuzibua mrija.

Kuna kundi la mwisho, ambalo linaumiza kwa kuwa linatengenezwa na tiba yenyewe. Amlodipini, dawa ya presha inayotumika sana nchini, huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu kwa kutanua mishipa midogo, bila mwili kuwa na chumvi ya ziada. Mgonjwa anapewa furosemidi kutibu uvimbe huo, haupungui sana, potasiamu inashuka, anaongezewa dawa nyingine. Kupunguza au kubadilisha amlodipini kungemaliza kesi kwa wiki chache.

Saa sita za dawa, saa 18 za chumvi

Tuseme sasa kwamba mgonjwa ni wa moyo na dawa ni yake halali. Bado anaweza kuimeza kila siku asipate kitu. Saa sita zikiisha, vibebaji vinafunguka na figo, zikiwa zimeshtuliwa na upotevu, zinarudisha chumvi kwa pupa kwa saa 18 zilizobaki. Chakula kikiwa na chumvi nyingi, kilichotoka asubuhi kinarudi chote kabla ya kulala. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi, vipande vya mrija vilivyo baada ya kitanzi huota nguvu na kunenepa kwa kuzoea mzigo, na dawa inaonekana kuisha makali. Wanaosema "mwili umeshaizoea" hapo wamesema kweli, na madaktari hulijibu hilo kwa kuongeza dawa ya jamii ya thiazaidi, inayofunga kipande kinachofuata, kwa uangalifu mkubwa wa potasiamu. Kwa sababu hiyo hiyo ya saa sita, furosemidi ni chaguo dhaifu la kutibu presha ya kawaida. Thiazaidi hutoa chumvi kidogo lakini kwa siku nzima, na presha hupenda utulivu huo.

Saa sita hizo zina gharama ambayo haimo kwenye vitabu vya dawa. Anayetoka Bariadi kwa basi kupitia Lamadi na Magu kwenda kliniki Mwanza hawezi kumeza kidonge asubuhi, basi halimsubiri kila nusu saa. Anakiruka siku ile, anafika kliniki akiwa amejaa, daktari anaona dawa imeshindwa na anapandisha dozi. Mama wa gulioni anayekaa na mzigo wake mbali na choo anafanya hivyo hivyo kila siku ya soko. Hakuna sharti la kuimeza saa moja asubuhi: inaweza kumezwa alasiri baada ya safari, mradi isisogee usiku ikamnyima usingizi. Mhudumu asiyeuliza mgonjwa anashinda wapi hatalijua tatizo hili, na mgonjwa mwenye haya hatalisema.

Suala la potasiamu nalo halina jibu moja. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo Wasukuma wamejiwekea tangu zamani, vina potasiamu nyingi, sawa na ndizi na maharage, na ni chakula kizuri kwa anayetumia furosemidi huku figo zake zikiwa nzima. Kwa anayetumia spironolaktoni au mwenye figo zilizochoka, chakula hicho hicho kinaweza kuipandisha potasiamu kupita kiasi. Tofauti ya wagonjwa hao wawili haionekani kwa macho. Inaonekana maabara.

Uzito wa kila upande

Msimamo wa kusafisha naona ndio dhaifu kuliko yote, na ndio wenye hatari zaidi, kwa kuwa unampeleka mtu dukani badala ya maabara. Msimamo wa kuua umekosea mshtakiwa, lakini tahadhari yake kuhusu kukauka na kuchanganya dawa ni ya kuchukuliwa, na wahudumu wangefaidika kuisikiliza badala ya kuicheka. Wa kutuliza uko karibu zaidi na ukweli, ukiondoa lile neno moja. Pingamizi moja linabaki: kwamba wakazi wa Simiyu wanapewa dawa ya zamani na ya bei ndogo wakati nchi tajiri zina bora. Kwa jamii hii ya dawa, hapana. Jaribio la Marekani la TRANSFORM-HF, lililochapishwa mwaka 2023 likiwa na wagonjwa 2,859, lilipima furosemidi dhidi ya torasemidi, dawa ya jamii hiyo hiyo, na halikuona tofauti ya vifo.

Penye pengo halisi ni kwenye ufuatiliaji. Miongozo ya tiba ya moyo inataka kreatinini na potasiamu zipimwe wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa au kubadilisha dozi, na mgonjwa apime uzito wake kila asubuhi, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja na mizani huiona kabla miguu haijavimba. Huu ni mkoa wa pamba, na mizani ya kupimia marobota watu wanaielewa vizuri mno. Mizani ya bafuni nyumbani kwa mgonjwa wa moyo ni nadra. Pasipo mizani, zahanati ya kijiji inaweza kumpima mara moja kwa wiki na kuandika namba kwenye daftari lake la kliniki, na uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache apelekwe mapema. Kipimo cha potasiamu kinahitaji mashine na vitendanishi, na huko ndiko fedha za mkoa zingefaa kuelekezwa kabla ya kununua dawa mpya yoyote ya kukojoa.